Bima ikikataa kulipa jeraha la kazini, wakili bado ana kazi?

Ukiumia kiwandani Nairobi leo, mtu wa kwanza kukupa ushauri wa kisheria ni karani wa ofisi, na ushauri wenyewe ni mmoja: mambo ya WIBA, yaani sheria ya mafao ya majeraha kazini, siku hizi hayana wakili. Wa pili ni mwenzako wa shifti, naye atakwambia vivyo hivyo. Nimeyasikia hata kwa mawakili waliokuwa zamani wakishinda kwenye korti za mahakimu na kesi za vidole na migongo. Sasa wamehamia kesi za mashamba.

Dhana hiyo haikutoka hewani. Desemba 3, 2019 Mahakama ya Juu ilikamilisha mvutano wa zaidi ya miaka kumi kati ya Chama cha Mawakili na Mwanasheria Mkuu kuhusu Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya 2007. Kifungu cha 16, kinachomzuia mfanyakazi kumshtaki mwajiri kortini kwa ajali ya kazini, kikabaki. Madai yanapelekwa kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, yule ambaye watu humwita tu "DOSH". Kesi zilizokuwa tayari kortini ziliyumba mpaka Aprili 2023, Jaji Mkuu Martha Koome alipotoa mwongozo kwamba zilizofunguliwa kabla ya uamuzi huo ziendelee. Zinazozuka sasa zote njia yake ni moja.

Wanaosema wakili akae pembeni wana hoja, na si hoja ndogo. WIBA haimtaki mfanyakazi athibitishe kosa la mwajiri. Si lazima uonyeshe kwamba mashine haikuwa na kinga au kwamba msimamizi alikuharakisha. Unaonyesha kwamba uliumia, na uliumia kazini, basi. Zamani kidole kilekile kilipata bei tofauti Machakos na Mombasa, kutegemea hakimu aliyekuwa zamu. Halafu mabroka waliowatafutia mawakili wateja: walijua majina ya majeruhi kabla hata bandeji haijakauka, na pesa zilipotoka, mwenye kidole alikuwa wa mwisho kuhesabiwa. Waajiri na kampuni za bima wamelalamika miaka mingi kuhusu majeraha ya kubuni, na atakayesema hayakuwepo kabisa hajawahi kukaa kwenye baraza za korti hizo. Mfumo wa fomu moja, daktari mmoja na hesabu moja ulikusudiwa kufuta hayo yote.

Haya yote ni kweli pale dai linapokubaliwa. Likikataliwa je?

Mwezi uliopita nilikaa mezani na kijana aliyepoteza ncha za vidole viwili kwenye mashine ya kukunja mabati. Alikuja na mfuko wa nailoni. Ndani yake mlikuwa na nakala ya fomu ya DOSH iliyokunjwa mara nne, karatasi za hospitali, na barua ya mistari mitatu kutoka kwa kampuni ya bima ikisema kwamba, kwa maelezo ya mteja wao, yeye hakuwa mfanyakazi wa pale bali kibarua wa kontrakta. Alishaamini kwamba yameisha. Aliisoma ile barua kama hukumu.

Na hapa ndipo wengi wanapopotea. Barua ya bima si uamuzi. Bima ni mlipaji, na mlipaji kusema hatalipa ni habari tu. Anayeamua ni Mkurugenzi, na hata yeye uamuzi wake haufungi kila kitu. Asiyeridhika, awe mfanyakazi au mwajiri, ana siku 60 za kuweka pingamizi kwa Mkurugenzi huyohuyo, kwa maandishi. Mkurugenzi ana siku 14 za kujibu na kutoa sababu. Asiyeridhika na jibu ana siku 30 za kukata rufaa katika Mahakama ya Ajira na Leba. Kwa hiyo mlango wa korti haukufungwa. Ulisogezwa mwisho wa ukumbi, na ili uufikie lazima upite vyumba viwili ambavyo saa yake inakimbia. Siku ya 61 hakuna anayekuuliza kama ulikuwa bado unabadilishwa bandeji.

Pingamizi lenyewe si malalamiko. Linataka useme uamuzi upi unaupinga, kwa sababu gani, kwa ushahidi upi. Mtu aliyezoea kueleza shida yake kwa mdomo ataandika kurasa mbili za maumivu na kusahau tarehe ya ajali. Upande wa pili unaandikiwa na watu wanaoandika barua hizo kila siku ya kazi. Tunaposema "hakuna haja ya wakili", tunamaanisha hakuna haja ya wakili wa mfanyakazi, kwa sababu wa bima yupo na analipwa mwisho wa mwezi.

Halafu kuna hesabu. Nimeirudia mara nyingi, mpaka watu wangu wa nyumbani wameichoka. Kwa ulemavu wa kudumu, WIBA inachukua mapato ya mwezi, inazidisha kwa miezi 96, kisha inakata kwa asilimia ya ulemavu. Chukua mfanyakazi wa shilingi 18,000. Mara 96 ni 1,728,000. Daktari akiandika asilimia 8, anapata 138,240. Akiandika asilimia 20, anapata 345,600. Tofauti ni 207,360, zaidi ya mshahara wa miezi kumi na moja, na yote imekaa kwenye ncha ya kalamu. Daktari aliyekutibu anaangalia kama unaweza kushika spana. Daktari aliyetumwa na bima anakuona baada ya miezi minne, kidonda kimefunga, ngozi imeng'aa, anakuambia ukunje ngumi, unakunja, anaandika. Hakuna aliyedanganya hapo. Lakini mfanyakazi hajui kwamba anaweza kuomba tathmini nyingine, wala kwamba lile jedwali la kwanza la sheria, linalotaja asilimia za ulemavu, linaweza kusomwa na yeyote likalinganishwa na kilichoandikwa.

Hata ile 18,000 ina mjadala. Ovataimu ya kila wiki, ile ambayo mtu amekuwa akiipata bila kukosa, ina nafasi katika kuhesabu mapato. Ovataimu ya siku mojamoja haina. Mwajiri anapeleka mshahara wa karatasini. Kama kwa kawaida unapokea 23,000, zile 5,000 zilizoachwa nje, kwa asilimia 20, ni shilingi 96,000. Nani atamwambia?

Tuseme sasa amesikizwa, tuzo imetoka, bima na mwajiri wamekaa kimya. Sheria inawapa siku 90 za kulipa tangu dai lilipowasilishwa kwao. Ikifika siku ya 91? Sheria ya 2007 ilieleza vizuri jinsi ya kudai na ikawa fupi mno kuhusu jinsi ya kukamata pesa. Watu wamelazimika kwenda Mahakama ya Leba kuomba tuzo ya Mkurugenzi ichukuliwe kama hukumu ili itekelezwe, na majaji hawakuwa na sauti moja: wengine walikubali, wengine wakauliza mamlaka hayo yametoka kifungu gani. Umtume mchomeleaji wa Kariobangi akajibu swali hilo peke yake, na nakala zake tatu mkononi?

Tanzania ugomvi huu wa nani alipe umepunguzwa kwa njia nyingine. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi 2015, unachangiwa na waajiri na ndio unaolipa, kwa hiyo majeruhi hafukuzani na kampuni binafsi ya bima. Anaweza bado kugombana na Mfuko kuhusu kama ajali ni ya kazini, ila anajua mlango ni upi.

Kuna ukweli mmoja unaowauma wanaonitetea hoja yangu, nami nauweka wazi: mawakili wengi hawakufukuzwa kwenye WIBA, waliondoka wenyewe. Dai la shilingi laki moja na nusu halilipi mafuta ya gari ya kwenda na kurudi. Na Sheria ya Mawakili inabatilisha yale mapatano ya "ukishinda ndipo unilipe", ambayo kwa mtu asiye na akiba ndiyo pekee angeyaweza. Sheria ilimtoa broka langoni, ikaacha nafasi yake wazi. Ndiyo maana nasema msaada wa kisheria, si lazima wakili wa suti. Mahakama ya Leba inamruhusu afisa wa chama cha wafanyakazi kusimama kwa niaba ya mwanachama. Kituo cha Sheria kimekuwa kikisaidia wasio na uwezo tangu 1973. Tuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 inayogusa pia kesi za madai. Kinachohitajika mara nyingi ni saa mbili za mtu anayejua kusoma karatasi, siku ya 10 na si siku ya 59.

Yule kijana tulimwomba afungue simu. Kila Jumamosi jioni, kwa miezi kumi na minne, kulikuwa na ujumbe wa M-Pesa wa kiasi kilekile kutoka kwa mtu mmoja, ambaye ni msimamizi wa kiwanda, si kontrakta yeyote. Yeye hakuwahi kuufikiria kama ushahidi. Kwake ulikuwa mshahara tu. Kisha tukaikunjua fomu ya DOSH. Sehemu ya kwanza hujazwa na mwajiri. Pale penye nafasi ya jina la mwajiri palikuwa na muhuri wa buluu wa kampuni ileile iliyoiambia bima kwamba haimjui, na sahihi, na tarehe: siku tano baada ya ajali. Alikuwa ameibeba karatasi hiyo mfukoni tangu Machi.