Tuyaachie Maji Ghorofa ya Chini

Kila nikitazama picha za Aceh, Indonesia, baada ya tsunami ya 26 Desemba 2004, jicho langu hurudi pale pale: mtaa mzima umefagiliwa, na katikati ya matope msikiti umesimama peke yake. Wengi waliona muujiza, nami sina neno na imani yao. Lakini tazama pia nguzo zile nene na uwazi uliopo kati yake. Maji yaliingia upande huu yakatokea upande ule. Nyumba za jirani ziliyakinga kwa kuta, zikabebwa pamoja na kuta zake.

Ndiyo maana nasema jengo la pwani lisijengwe kushindana na tsunami. Lijengwe kuyapisha maji.

Mita moja tu ya ujazo wa maji ya bahari ina uzito unaozidi kilo 1,000. Tena tsunami haipigi ikaondoka kama wimbi la kila siku. Husukuma kwa dakika nyingi mfululizo, imebeba magari, magogo na mashua zinazogonga nguzo kama nyundo. Halafu maji hurudi baharini, na yanaporudi huchimba udongo chini ya msingi. Lipo na balaa jingine, ambalo wajenzi wengi hawalifikirii: kuelea. Kule Onagawa, Japani, mwaka 2011, majengo ya zege yaling'oka yakalala ubavu, kwa sababu maji yaliyainua kwanza, kisha yakayasukuma. Zege, jamani!

Basi ghorofa ya chini ibaki nguzo tupu, au iwe na kuta nyepesi zilizokusudiwa kubomoka mapema kabla hazijavuta nguzo. Msingi ushuke kina kuliko maji yanavyoweza kuchimba. Jenereta ya hospitali isikae chini. Na ngazi iwe ya nje, pana, ifike hadi kwenye paa, mlango wake usifungwe kwa kufuli usiku wala mchana. Hili la kufuli naliomba kwa dhati, maana paa imara lisilofikika halimwokoi mtu.

Ukuta wa bahari je? Huko huko Japani, lango la kuzuia maji la kijiji cha Fudai, lenye kimo cha mita 15.5, lilikinusuru kijiji hicho mwaka 2011. Taro nako kulikuwa na kuta za mita 10, na bahari ikapita juu yake. Sizikatai kuta. Ninachohofia ni mtu kuuamini ukuta akabaki kitandani tahadhari inapotolewa.

Mji usio na uwezo wa kuimarisha kila nyumba uanze na shule. Ocosta, katika jimbo la Washington nchini Marekani, walifanya hivyo: tangu 2016 paa la ukumbi wa shule yao ya msingi limekuwa kimbilio la watu wapatao 1,000, na watoto wanaolihitaji zaidi tayari wako chini yake, ngazi chache tu kufika juu.