Seva Ikibishiwa Hodi, Isimwage Kila Kitu

Mwezi uliopita nilikuwa kwa mteja mmoja hapa Dodoma, nahangaika na picha iliyogoma kufunguka kwenye tovuti yao. Nikafuta jina la picha kwenye anwani, nikabakiza folda, nikabonyeza Enter. Ikaja orodha ndefu kwenye kioo cheupe: barua ya mtendaji wa kata, kitambulisho cha NIDA upande wa mbele, upande wa nyuma, cheti cha kuzaliwa. Kila faili na tarehe yake. Sikudukua chochote. Nilibisha hodi tu.

Ukiomba folda, Apache, programu ya seva inayotoa kurasa za tovuti, hutafuta kwanza ukurasa uliotajwa kwenye mpangilio wake wa DirectoryIndex, kwa kawaida index.html. Isipouona, na Indexes, ruhusa ya kuorodhesha faili, ikiwa imewashwa, hutengeneza orodha yenyewe. Kwenye mifumo ya Linux ya Debian na Ubuntu, mipangilio inayokuja na Apache imeiwasha kwa /var/www, folda ambamo tovuti hukaa. Nginx, programu nyingine ya seva, huizima orodha hiyo mpaka uiwashe mwenyewe, na hapo naona wamepatia. Anayehitaji orodha aiwashe kwa folda hiyo moja.

Wenzangu wengi hutumbukiza index.html tupu kila folda. Sikubaliani nao. Tovuti inayopokea nyaraka huzaa folda mpya kila mwezi, na iko siku utasahau. Andika Options -Indexes mara moja kwenye mipangilio ya tovuti nzima. Mgeni atakutana na 403, yaani hairuhusiwi, basi. Wengine huitaja folda kwenye robots.txt, faili la maelekezo kwa mitambo ya utafutaji, ili Google isiipitie. Jamani, faili hilo husomwa na yeyote! Ni kumwonyesha mwizi dirisha.

Lakini kuficha orodha si kufunga faili. Anayejua jina la faili atalifungua vilevile, na majina yakiwa namba zinazofuatana, 0412, 0413, kubahatisha ni kazi ya dakika chache. Nyaraka za watu zikae nje kabisa ya folda ya tovuti, programu izitoe kwa aliyeingia na nenosiri na kuruhusiwa kuziona. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inatumika tangu 1 Mei 2023, na aliyekusanya taarifa ndiye anayepaswa kuzilinda.

Tulianza kuzihamisha mchana uleule. Mteja akaniuliza nani alishaziona. Faili la zamani zaidi lilikuwa la miaka mitatu nyuma. Kumbukumbu za seva, zinazoonyesha nani alifungua nini, zilikuwa za siku 14 tu.