Mabomba ya Maji Taka Yaliyolipia Sanaa ya Lambeth

Kigeuze chombo cha maua kilichotengenezwa na Doulton, kiwanda cha vyombo vya udongo cha Lambeth, jijini London, katika miaka ya 1880, nawe utakuta kitako kimejaa alama. Upo muhuri wa kiwanda, mara nyingi pamoja na mwaka. Zipo herufi za msanii, kama BHB za Hannah Barlow, na kando yake herufi za wasaidizi. Ndipo ubishi unapoanza: kitu kilichopita mikono ya watu kadhaa kiwandani ni sanaa, au ni bidhaa tu iliyopewa jina la sanaa?

Wanaokikataa kiwanda wana hoja nzito. John Ruskin, mhakiki wa sanaa wa Uingereza, aliandika mwaka 1853 kwamba kazi ikikatwa vipande vidogo vidogo, anayekatwa hasa ni mfanyakazi. Lambeth kazi ilikatwa kweli: mmoja alifinyanga, mwingine akachora, msaidizi akatia vitone na mapambo ya ukingoni, mwingine akachoma. Na heshima ilipogawiwa mwaka 1887, aliyepewa cheo cha Sir na Malkia Victoria ni mwenye kiwanda, Henry Doulton.

Wapinzani hao huelekeza kidole Southall, magharibi mwa London, walikohamia ndugu wanne wa ukoo wa Martin mwaka 1877. Umaarufu wao ni ndege wa udongo wenye vichwa vinavyofunuka, ambao ndani yao mtu aliweza kuhifadhi tumbaku. Kila ndege ana uso wake: huyu anakudharau, yule anakuchungulia kwa hila. Nawapenda mno ndege hao. Lakini hata Southall kazi iligawanywa: Robert Wallace alichonga, Walter alifinyanga na kuchoma, Edwin alipamba, Charles aliuza dukani. Kwa hiyo mgawanyo wa kazi peke yake hautoshi kuwa kosa la Lambeth.

Swali linalonisumbua zaidi ni la pesa. Kina Martin waliishi kwa wasiwasi, maana tanuri likiharibika, jasho la miezi limepotea. William De Morgan, bingwa wa vigae vyenye mng'aro wa metali, alihangaika na hasara miaka mingi hadi karakana yake ya Fulham ikafungwa mwaka 1907. Doulton alikuwa na mabomba. Miji ya Uingereza ilipoanza kujenga mifereji ya maji taka, yeye aliiuzia mabomba ya udongo mgumu, yaliyopakwa mng'aro kwa kutupa chumvi ndani ya tanuri la moto mkali. Ufundi huohuo wa chumvi ndio uliotumika kwenye vyombo vya maua. Doulton mwenyewe alisitasita kuingia kwenye sanaa. Aliyemshawishi ni John Sparkes, mkuu wa Shule ya Sanaa ya Lambeth, shule ileile aliyosoma Robert Wallace Martin.

Kutoka shule hiyo wakaingia kiwandani wanawake, mwishowe mamia, enzi ambayo mwanamke aliyesoma alikuwa na milango michache ya kupata mshahara. Hannah alichukua chombo kikiwa bado kibichi, akachora kwa ncha kali farasi, kulungu na mbuzi, kisha rangi ikajazwa ndani ya mistari. Kila chombo alikichora upya kwa mkono wake. Tazama jinsi mgongo wa farasi unavyokamilika kwa mstari mmoja usiokatika. Huo si mkono wa mtu aliyegeuzwa mashine. Alifanya kazi hiyo hadi mwaka 1913.

Wasaidizi wake nao? Kwa hao Ruskin ana haki. Kutia vitone mchana kutwa hakumpi mtu nafasi ya kubuni chochote, na hapo siwezi kukitetea kiwanda.

Ila dai kwamba kiwanda hakiwezi kuvumilia ubunifu wa ajabu kama wa Southall silikubali. George Tinworth, mtoto wa fundi magurudumu, alikuwa mwajiriwa wa Doulton tangu mwaka 1866. Humohumo Lambeth, mbali na michongo yake mikubwa ya Biblia, alifinyanga panya wadogo wakipiga ala za muziki.