Mfupa wa mgongo umeunga au bado? Picha na mipaka yake

Yaya wangu, yaani ndugu yangu mkubwa, aliendesha lori kati ya Lubumbashi na Kasumbalesa, huku Kongo, mpaka mgongo ulipomkatalia. Alipopasuliwa, pingili mbili za kiunoni zilibanwa kwa skrubu nne na vyuma viwili, kisha ukapandwa mfupa ili zishikane ziwe kitu kimoja. Mwezi wa tano baada ya kupasuliwa akapigwa radio, yaani picha ya eksirei. Daktari aliitazama kidogo tu, akasema, "Imeunga." Yaya alikuwa bado hawezi kukaa kitini dakika ishirini.

Niliishika ile filamu mbele ya dirisha. Skrubu zilikuwa nyeupe pee, lakini moja ilizungukwa na mstari mweusi, mwembamba kama uzi. Baadaye ndipo nilipoelezwa kwamba mstari wa namna ile unaweza kuwa dalili ya skrubu kulegea.

Radio siidharau. Bei yake inafikika, inaonyesha chuma kilichovunjika na pingili iliyoteleza, na ukizipanga picha za miezi tofauti unaona kilichobadilika. Kuna hata kipimo cha kumpiga mgonjwa picha akiwa ameinama, kisha akiwa amejikunja nyuma: pingili zikicheza chini ya digrii 5, mara nyingi huhesabiwa kuwa zimeshikana. Tatizo ni kwamba vyuma vyenyewe vinazuia mwendo. Pingili zilizobanwa sawasawa hazichezi hata kama mfupa haujaota. Ndiyo maana, watafiti walipolinganisha radio na kile wapasuaji walichokikuta walipofungua mgongo upya, vilipatana kwa takriban theluthi mbili tu ya wagonjwa.

Skaneri, ile mashine ya CT, huona zaidi. Hukata picha nyembamba sana, na msomaji mzuri anaweza kuufuata mfupa mpya kutoka pingili ya juu hadi ya chini. Hata hivyo chuma huichafua picha kwa michirizi, chuma cha pua kuliko titani, na mionzi yake ni mingi kuliko ya radio. Tena madaktari wawili wanaweza kuitazama picha ileile wasikubaliane.

Wanaotaka kila aliyepasuliwa apelekwe skaneri siwaungi mkono. Kuna watu ambao mfupa haukuunga na hawaumwi kitu. Wengine wameunga vizuri na bado wanaumwa, kwa sababu maumivu yanatoka kwingine. Kumrudisha mtu kwenye kisu kwa ajili ya picha peke yake ni kumwonea. Na hapa kwetu familia ndiyo inayotoa pesa, wakati mwingine kwa kuuza kitu cha nyumbani. Daktari anapoandika karatasi ya skaneri, atuambie kwanza: jibu likiwa hivi atafanya nini, likiwa vile atafanya nini? Kama atafanya lilelile, pesa ile inunue dawa na chakula.

Ila kosa la upande wa pili linaniuma zaidi. Mfupa uliopandwa huhitaji miezi 6 hadi 12 kuunga, pengine zaidi. Kumwambia mtu anayeumwa kwamba ameunga, mwezi wa tano, kwa radio moja, ni kumfungia mlango. Yaya aliacha kulalamika kwa sababu aliona aibu. Alidhani tutasema anakwepa kazi.

Mwezi wa kumi na moja tulilipia skaneri. Upande wa kulia mfupa ulikuwa umevuka; wa kushoto, bado pengo. Daktari mwingine aliziweka picha zote mbili mezani, akamgusa yaya mgongoni, akamuuliza analala vipi. Hakutaja kupasua. Alisema arudi baada ya miezi 6, na filamu zote azilete.