Maendeleo endelevu yaanze na swali la nani anaamua

Mwanafunzi yeyote wa sekondari anaweza kukutajia nguzo tatu za maendeleo endelevu: uchumi, jamii na mazingira. Huchorwa ubaoni kama maduara matatu yaliyoingiliana, na pale yanapokutana ndipo panapoandikwa kwamba hapa mambo yamekaa sawa. Mchoro huo umo kwenye mipango ya halmashauri, kwenye maandiko ya miradi na kwenye kuta za ofisi nyingi za mashirika. Mimi nina ugomvi nao wa siku nyingi. Maduara yote yana ukubwa mmoja, na hakuna hata moja linalokuonyesha nani aliyeamua na nani aliyeamuliwa.

Tukirudi kwenye chanzo, mambo hayakuwa hivyo. Mwaka 1983 Umoja wa Mataifa ulimkabidhi Gro Harlem Brundtland, mwanasiasa wa Norway aliyekwisha kuwa waziri mkuu wa nchi yake, uongozi wa tume ya dunia ya mazingira na maendeleo. Ripoti ikatoka mwaka 1987, na maneno yake machache yamekaririwa kila mahali: maendeleo yanayokidhi mahitaji ya kizazi cha sasa bila kuvinyima vizazi vijavyo uwezo wa kukidhi mahitaji yao. Wengi huishia hapo. Ukisoma mistari inayofuata, unakuta tume inasema kuna mambo mawili ndani ya maana hiyo. La kwanza ni mahitaji, hasa mahitaji ya msingi ya maskini wa dunia, ambayo tume inataka yatangulie kuliko yote. La pili ni ukomo wa kile ambacho mazingira yanaweza kutupa, na tume inasema ukomo huo unategemea pia teknolojia tuliyonayo na namna jamii ilivyojipanga.

Yaani maskini waliwekwa mbele tangu siku ya kwanza. Halafu ukaja mkutano wa Rio mwaka 1992, ukaja wa Johannesburg mwaka 2002, yakaja Malengo 17 ya Maendeleo Endelevu ya mwaka 2015 na shabaha zake 169, na kadiri makaratasi yalivyozidi kuongezeka ndivyo maskini walivyogeuka kuwa "wanufaika", watu wa kupelekewa maendeleo yaliyokwisha kupangwa kwingine. Hapo ndipo tulipopotea, na kwa sisi wa Kanda ya Ziwa ushahidi uko mlangoni.

Chukua sangara. Hakuwa samaki wa Ziwa Victoria. Alipandikizwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakati wa wakoloni, kwa hoja kwamba ziwa limejaa visamaki vidogo visivyo na soko na kwamba samaki mkubwa angevigeuza kuwa nyama ya maana. Visamaki hivyo ni furu, mamia ya aina ambazo hazipo penginepo popote duniani. Kufikia miaka ya 1980 sangara alikuwa ameshika ziwa zima. Furu wengi walitoweka, na wataalamu wanakadiria aina zilizopotea ni kama 200, kwa sababu ya sangara mwenyewe pamoja na uchafu wa maji na uvuvi uliozidi. Kuna jambo jingine ambalo husahaulika: sangara ana mafuta mengi, hakaushwi kwa jua tu kama dagaa, anabanikwa kwa moshi. Moshi unataka kuni, na kuni zilitoka kwenye miti ya mwambao wa ziwa.

Duara la uchumi, hata hivyo, liling'aa. Viwanda vya minofu vilijengwa Mwanza, Musoma, Bukoba, Kisumu na kwenye miji ya Uganda. Minofu ilipanda ndege kwenda Ulaya, fedha za kigeni zikaingia, na vijana wengi wakapata kazi ambazo wazazi wao hawakuwahi kuziota. Sitaki kudharau hilo hata kidogo. Nyumba nyingi za bati na ada nyingi za shule zimetokana na sangara.

Lakini nenda soko la samaki la Mwaloni Kirumba, au kwenye vibanda vya mama lishe wa Mwanza, uangalie kilichobaki. Kilichobaki kinaitwa mapanki: kichwa, mgongo na mkia baada ya kisu cha kiwandani kuchukua minofu ya pande zote mbili. Huanikwa juani, kisha hutumbukizwa kwenye mafuta yanayochemka mpaka miiba midogo iwe inavunjika mdomoni. Mlaji mzoefu huanzia shavuni na nyuma ya jicho, kwa sababu ndipo kisu hakikufika. Ni chakula kitamu, nami nimekila sana. Hasira yangu inatoka kwenye hesabu yake. Ziwa ni letu, samaki amevuliwa na kijana wetu usiku wa baridi, na mtoto anayekua hatua chache kutoka majini anapata mfupa. Mwaka wowote ungeweza kuandika ripoti ya kusifu mapato ya nje huku watoto wa mwambao wakikosa protini, na maduara matatu yangeonekana mazuri kabisa kwenye karatasi.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa ziwa hili zaidi ya mara moja, ukitaja usalama wa chakula na madai ya uvuvi wa sumu. Bei mwaloni, pale mitumbwi inaposhushia samaki, ikaporomoka. Mvuvi hakuwa na sauti viwanda vilipofunguliwa, hakuwa nayo soko lilipofungwa. Siku hizi habari kubwa ni mabondo, ule mfuko wa hewa ulio ndani ya samaki, ambao soko lake liko Asia na bei yake kwa kilo imeiacha mbali bei ya nyama. Sangara mkubwa ndiye mwenye bondo kubwa, na sangara mkubwa ndiye mama anayetaga mayai mengi. Huhitaji digrii kuona tunakoelekea.

Serikali haikukaa kimya. Mwaka 2018 iliendesha Operesheni Sangara, nyavu haramu zikachomwa moto hadharani. Makokoro, nyavu za kukokota, ni balaa, sibishi; yanakomba mayai na watoto wa samaki kutoka kwenye mazalia, na hakuna ziwa litakalostahimili hilo. Ila moto uliwaka kwa mvuvi kuliko kwa yeyote mwingine aliyeneemeka na samaki wachanga, na ulipozimika, mtu aliyekopa kununua wavu ule alikuwa bado anadaiwa. Usiku uliofuata alihitaji kuvua.

Sasa toka Mwanza ushuke kusini hadi Shinyanga, mwendo wa saa chache kwa basi. Huko nako ardhi iliharibiwa, tena vibaya. Wakoloni walifyeka misitu ili kuua mbung'o. Pamba ikala mapori mengine, ng'ombe wakaongezeka, na Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ikawahamisha watu kutoka kwenye maboma yao na kuwakusanya pamoja, wakaacha nyuma maeneo waliyokuwa wakiyatunza. Mwalimu Nyerere aliita Shinyanga jangwa la Tanzania. Mwaka 1986 ukaanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ambao Norway ilikuja kuusaidia kwa fedha, wakati Brundtland huyo huyo akiwa amerudi kwenye uwaziri mkuu na tume yake ikimalizia ripoti.

Mwanzoni nguvu kubwa ilikuwa kwenye vitalu vya miche. Mambo yalibadilika pale maofisa walipokaa na wazee wakasikia habari za ngitili. Msukuma hahitaji kuelezwa, ila kwa msomaji wa Pwani au wa Kongo niseme: ngitili ni eneo la malisho ambalo familia au kijiji hulifunga mvua zikianza. Nyasi zinaota, miti inapumua, hakuna anayeingiza mnyama. Likifika jua kali la mwezi wa saba au wa nane, malisho ya nje yamekwisha, ngitili inafunguliwa. Hawaingii ng'ombe wote kwa pamoja. Hutangulia ndama, ng'ombe wazee na wagonjwa, wale wasioweza kutembea mbali kutafuta majani. Sehemu moja ikiliwa, ndipo inapofunguliwa nyingine.

Miti mingi haikuhitaji kupandwa. Visiki na mizizi ya migunga vilikuwa hai ardhini muda wote, vikisubiri tu kuachwa. Ngitili zilizojulikana mwaka 1986 zilikuwa takribani hekta 600. Miaka ya mwanzoni ya 2000 zilikuwa zimepita hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800. Utafiti uliotolewa mwaka 2005 na Wizara ya Maliasili na Utalii pamoja na shirika la kimataifa la uhifadhi la IUCN ulijumlisha kuni, majani ya kuezekea, asali, dawa, matunda na malisho, ukapata thamani ya kama dola 14 kwa mtu kwa mwezi, zaidi ya wastani wa matumizi ya mtu wa kijijini Tanzania kwa wakati ule. Mwanamke aliyekuwa akitembea nusu siku kutafuta kuni alizipata karibu na nyumbani.

Nani alilinda haya yote? Kanuni zilipangwa na dagashida, mkutano wa kimila wa Wasukuma, na waliosimamia ni sungusungu wa kijiji. Aliyeingiza mifugo kabla ya wakati alitozwa faini na watu anaowafahamu, ambao kesho yake angekutana nao kisimani. Mtu anaweza kuacha majani yasimame hadi Agosti kwa sababu ana hakika hayataliwa na mwingine usiku wa Mei. Mvuvi wa sangara hana hakika hiyo hata ya siku moja: samaki mchanga anayemrudisha majini atanaswa na wavu wa jirani kabla hakujakucha. Tofauti ya Shinyanga na ziwa haitokani na watu wa huku kuwa wema kuliko wa kule, maana mara nyingi ni watu wa ukoo mmoja.

Ngitili nazo zina dhambi zake. Mwenye ng'ombe wengi ana ngitili kubwa, na asiye na ng'ombe wala ardhi anaambulia kuni na majani tu. Wapo waliokodisha malisho na kuwafungia jirani zao. Fisi walirudi pamoja na miti. Watu wameongezeka na mipaka inagombewa. Nayasema haya kwa sababu sipendi kijiji kinapochorwa kama pepo. Lakini hayo ni matatizo ya watu wenye kitu mkononi cha kugombania, na dagashida lipo la kuyapeleka.

Kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, Tanzania ilisitisha uvuvi Ziwa Tanganyika ili samaki wazaliane. Kwa kanuni ni ngitili ya majini, na naiunga mkono. Wavuvi wa pweza wa Kisiwa Panza, Pemba, hufunga miamba yao kwa mtindo huo huo, wakakubaliana wenyewe siku ya kufungua. Ninachotaka kijadiliwe kila mara ni familia ya mvuvi wa Kigoma inakula nini katika miezi hiyo mitatu, na kama alikuwepo tarehe ilipopangwa.

Kwa Ziwa Victoria tunavyo tayari vikundi vya BMU, yaani vikundi vya wavuvi vya kusimamia uvuvi, katika mialo, ambavyo kwa sehemu kubwa vimegeuzwa kuwa macho ya ofisa uvuvi. Wapeni mamlaka ya kisheria ya kuchora mazalia yao, kuyafunga na kuyafungua, na kukataa mtumbwi usio wa mwalo wao. Kijiji chenye msitu wake kimeruhusiwa na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 kuusimamia na kubaki na mapato yake. Sioni kwa nini mwalo usipate fungu linaloeleweka la ushuru wa minofu na mabondo, likaingia kwenye akaunti ya BMU kabla ya kufika makao makuu. Na viwanda vilazimishwe kuuza sehemu ya minofu, minofu kweli, katika masoko ya Mwanza, Musoma na Bukoba kwa bei ambayo mama lishe anaimudu.