Kadi Nyekundu ya Muswada wa Kamba

Ukiingia chumba cha kamati katika Bunge la jimbo la Louisiana, mjini Baton Rouge, utakuta kadi za rangi tatu zimewekwa tayari. Kijani ni ya anayeunga mkono muswada, nyekundu ya anayepinga, nyeupe ya mwenye taarifa tu, asiye na upande. Unajaza jina, anwani, namba ya muswada na unamwakilisha nani, kisha unaweka tiki kama unataka kuzungumza au la. Kadi zinakwenda kwa karani, mwenyekiti anazisoma kwa sauti, na majina yanaingia kwenye kumbukumbu za kikao. Mwandishi wa habari hajazi kadi yoyote. Anachukua nakala ya muswada, anatafuta kiti karibu na soketi ya umeme, anakaa kimya.

Hayo tulifundishwa mapema kabisa kwenye shirika la habari la chuo chetu. Jamaa yangu hakuwepo siku hiyo, alikuwa anafuatilia mambo ya kitambulisho.

Kazi yenyewe haina ukubwa wa kutisha. Wanafunzi tunaripoti, mhariri wetu anakatakata, magazeti madogo ya jimbo yasiyo na uwezo wa kuweka mtu pale Bungeni yanachapisha bure. Ila unatakiwa ujue kusoma muswada. Maneno yaliyopigwa mstari chini yanaongezwa kwenye sheria, yaliyokatwa kwa mstari katikati yanaondolewa, na ukichanganya hayo mawili habari yako inageuka kichwa chini. Marekebisho huja kwenye karatasi ya peke yake, yameandikwa kikavu: ukurasa wa 2, mstari wa 14, futa neno fulani, weka fulani. Mgeni anaripoti muswada ulivyoletwa asubuhi, kumbe mchana umeshabadilishwa na hauna tena kile alichokiandika. Kwa hiyo ukiona karani anagawa karatasi, nyoosha mkono, hata kama unaona haya.

Siku ya kisa hiki ulikuwa muswada wa kamba. Kamba wa baharini, maana Louisiana ni nchi ya kamba hasa. Mwenye muswada alitaka faini ipande kwa migahawa inayompa mteja kamba wa kutoka nje bila kumwambia. Wavuvi walikuwa wamejaa, wametoka Terrebonne na Lafourche huko chini pwani, wengine na buti zao nyeupe za mpira kama waliopitia humo wakielekea baharini. Kadi za kijani wamezimaliza. Nyeupe zimebaki mbili tatu. Nyekundu, rundo zima, halijaguswa.

Sasa kwetu Tanzania karatasi ya mlangoni haipitwi hivi hivi. Iwe semina, warsha au kikao cha wadau, unaandika jina, simu, sahihi, kwa sababu jioni posho inalipwa kwa karatasi ile ile. Jamaa alipoziona kadi, mkono ulikwenda wenyewe. Akavuta kwenye rundo nene, asije akawamalizia wengine zilizobaki kidogo. Kwenye “unamwakilisha nani” akaandika jina kamili la shirika letu la habari, kwa herufi kubwa, zisomeke. Penye “unataka kuzungumza?” akaweka tiki ya ndiyo. Baadaye alijitetea kwamba mwandishi gani asiyetaka kuzungumza na wabunge?

Mimi nilikuwa nimeinama natafuta soketi.

Utaratibu wa kamati ni kwamba mwenye muswada anaanza, wanafuata wanaounga mkono, halafu wanaopinga. Wavuvi walizungumza mmoja mmoja: bei ya dizeli, bei ya kamba, mashua zilizofungwa gatini. Jamaa anaandika kwa bidii. Mwenyekiti akashika kadi ya mwisho, akaisogeza mbali kidogo na macho, akasema kuna mmoja anayepinga, na angependa kuzungumza. Kisha akalisoma jina la jamaa, silabi kwa silabi, akafuatisha na la shirika letu.

“Kaka,” nikamnong'oneza, “umejaza nini?”

“Si nimejiandikisha?”

“Rangi gani?”

Akanyamaza. Buti zote nyeupe zilikuwa zimegeuka upande wetu.

Alikwenda mezani na daftari lake, na rekoda yake inayowaka. Akaanza kusema bila kubonyeza kitufe cha maikrofoni, mwenyekiti akamwelekeza, akabonyeza, akaanza upya, na sauti yake ikatoka kwenye spika zote. Mbunge mmoja akamuuliza kwa upole ana ugomvi gani na kamba wa Louisiana.

“Sina ugomvi nao, mheshimiwa. Nimekuja kuwaandika.”

Chumba kililipuka. Mzee mmoja wa pwani alicheka hadi akavua kofia.

Hapa pana jambo la maana kwa anayefanya kazi hii: kosa la kadi linarekebishwa palepale, kabla ya uamuzi, mbele ya mwenyekiti. Likishafika kwenye kumbukumbu umechelewa. Kwa bahati jamaa aliomba kuondoa kadi yake, mwenyekiti akakubali, karani akampa nyeupe ajaze tena. Video je? Vikao vya kamati vinarekodiwa na kuhifadhiwa, yeyote anaweza kuvitazama. Hiyo haina kadi nyeupe.

Kisha ikaja ile sehemu ya kila siku. Kamati ikiwa imekubaliana haipotezi muda kuita majina ya wabunge. Mwenyekiti anauliza tu kama kuna pingamizi, na likikosekana muswada unapita kuelekea ukumbi mkubwa, ambako Baraza la Wawakilishi lina viti 105 na muswada wa kawaida unahitaji kura 53. Akauliza: kuna pingamizi? Wabunge, wavuvi, karani, wote wakamwangalia jamaa. Akatikisa kichwa. Ukapita.

Mapumziko nilimkuta amejificha kati ya watalii, kwenye korido alikopigwa risasi Huey Long, seneta na gavana wa zamani wa jimbo hilo, mwaka 1935, anajifanya anasikiliza maelezo.

Mhariri alimwondoa kwenye habari ile, nikaandika mimi. Nikaweka: “Hakuna aliyejitokeza kupinga.” Mhariri akaizungushia duara. Alijitokeza. Nikabadilisha: “Hakuna aliyezungumza kupinga.” Akafungua video, akasikiliza tena ile ya ugomvi na kamba, akafuta machozi, akasema hiyo ni kweli lakini msomaji aliyekuwepo chumbani atatuona waongo. Tukamaliza na: “Mtu mmoja aliyejaza kadi ya kupinga aliiondoa kabla ya uamuzi.” Sahihi, fupi, haimtaji mtu. Ikaenda.

Jioni gazeti moja la huko pwani likajibu kwamba wameipenda, wanaiweka ukurasa wa mbele, ila wasomaji wao watataka kumjua huyo mpinzani. Tunaweza kumpata atoe kauli?

Nikageuza kiti. “Ndugu yangu, unatafutwa.”

“Waambie,” akasema, macho kwenye kompyuta, “simu yake haipatikani.”