Kanitangaze: tunamlaumu mwenye bomba la dawa, tunaliacha shamba lililotelekezwa

Kila picha ya nyanya zenye vumbi jeupe la dawa inaposambaa kwenye simu, hukumu hutoka papo hapo: mkulima ana tamaa, anatulisha sumu. Wataalamu husema jambo hilohilo kwa upole zaidi, kwamba mkulima hajaelewa udhibiti husishi wa visumbufu, yaani kupambana na wadudu kwa njia kadhaa kwa pamoja badala ya kutegemea dawa peke yake. Nimekaa na wakulima wa nyanya vya kutosha kuona kwamba hukumu zote mbili zinampita pembeni. Madhara ya dawa ni ya kweli, na nitayafikia. Ila kwanza tumwelewe mtu huyu anapambana na nini.

Chukua jani la mnyanya lenye baka jeupe, uliinue kuelekea jua. Utamwona kiwavi wa Kanitangaze akiwa hai katikati ya jani, kati ya ngozi ya juu na ya chini, anatafuna huku akiacha kinyesi cheusi nyuma yake. Dawa inayoua kwa kumgusa mdudu, uliyopiga asubuhi, imekauka juu ya ngozi, yeye yuko chini yake. Akitoka kwenye jani anaingia kwenye tunda, mara nyingi karibu na kikonyo, kwa tundu dogo ambalo halimpiti mnunuzi mzoefu. Akiyaona matundu ya namna hiyo kwenye tenga, anashusha bei au analikataa tenga zima. Wazazi wake ni nondo wa kijivu wasiofikia hata sentimita moja. Mchana hujificha, na jioni ukipitisha mkono kwenye mashina wanaruka kama vumbi.

Mdudu huyu, kwa jina la kitaalamu Tuta absoluta, alitambuliwa nchini Tanzania mwaka 2014 huko Arumeru, mkoani Arusha, na wakulima wakamwita Kanitangaze. Anapoingia hakuna asiyejua. Miaka miwili baadaye, jimbo la Kaduna nchini Nigeria lilitangaza hali ya dharura kwa sababu yake, na watu kule wakamwita Ebola ya nyanya. Mdudu aliyeitikisa serikali ya jimbo zima, sisi tunamtazamia mwenye robo ekari ammalize kwa semina ya siku moja.

Kuna hesabu moja ambayo haitoki kichwani mwangu. Jike mmoja anaweza kutaga hadi mayai 260. Tuchukue nusu yake ni majike, yaani 130. Tuseme mkulima amejitahidi akaua 9 kati ya kila 10. Wamebaki majike 13. Mzunguko kutoka yai hadi nondo huchukua mwezi hivi, na penye joto hata pungufu. Hao 13 wakitaga na kuuawa kwa kiwango kilekile, wanakuwa 169. Mwezi wa tatu, wakati nyanya zinachumwa, ni 2,197. Ili idadi isiongezeke kabisa, lazima wafe 129 kati ya kila 130. Shambani mambo si makali hivyo, kwa kuwa si kila jike hutaga mayai yote 260, na mvua, buibui na sisimizi huua wengi kabla bomba halijajazwa. Lakini hesabu hii ndiyo inayonieleza kwa nini mtu huanza kwa kupiga dawa mara moja kwa wiki, kisha mara mbili, kisha anachanganya aina tatu kwenye bomba moja la lita 16. Kusoma kibandiko anajua. Amekopa mbegu, amelipa kodi ya shamba na mafuta ya mashine ya maji. Wiki iliyopita alifanya kazi nzuri, na leo majani yamebabuka kama yamepitiwa na moto.

Hesabu hiyohiyo inamhukumu pia, kwa sababu kila anayepona dawa ndiye mzazi wa kizazi kinachofuata. Huko Amerika Kusini na Ulaya mdudu huyu ameshajenga usugu dhidi ya dawa za aina nyingi: pairethroidi, abamektini, spinosadi, na hata diamidi zilizokuwa tegemeo kubwa. Dawa kali huua pia wadudu rafiki wanaokula mayai yake. Na lipo jambo ambalo siwezi kulitetea hata kidogo, nalo ni kuchuma kabla siku za kusubiri baada ya kupiga dawa hazijaisha. Mama anayenunua fungu sokoni hana namna ya kujua nyanya zake zilipigwa dawa lini.

Sasa tuzipime njia mbadala kwa kipimo kilekile. Mtego wa feromoni ni kidonge chenye harufu ya jike kinachoning'inizwa juu ya beseni la maji ya sabuni. Unanasa madume. Dume mmoja aliyekwepa atapanda majike kadhaa, na jike aliyepandiwa kwa jirani anakuja kwako tayari ana mayai. Kwa kukupa taarifa kwamba mdudu ameingia, mtego ni mzuri sana. Kwa kuokoa kishamba kimoja katikati ya vingine hamsini, hautoshi. Mwarobaini husaidia, lakini jua huumaliza nguvu mapema. ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu cha Nairobi, ilileta kutoka Peru, mwaka 2017, kijinyigu kinachotaga ndani ya kiwavi na kumuua, na hiyo kwangu ndiyo kazi yenye matumaini kuliko zote. Ila kijinyigu hicho hakiwezi kuishi shambani kwangu ikiwa jirani anapiga dawa kali kila Jumatatu.

Ndiyo maana naona tunambana mtu asiye mwenye kosa kubwa zaidi. Anayepiga dawa angalau yumo shambani. Bei ikianguka, wengine huondoka na kuacha minyanya imesimama, matunda yanaozea juu, na mdudu anazaliana kwa wiki kadhaa bila kuguswa na mtu, huku mnavu wa kwenye kingo za mifereji ukimsitiri. Msimu unaofuata, nondo wa shamba hilo wanaingia kwenye miche ya kila mtu bondeni. Kwenye pamba tulishaelewa zamani: mkulima anatakiwa kung'oa na kuchoma masalia, na kuna tarehe ya mwisho. Kwenye mabonde ya nyanya niliyopita, sijaona mtu akidaiwa shamba alilolitelekeza.

Wapo watakaosema kupumzisha bonde zima, lisilimwe nyanya kwa muda ili mdudu akose chakula, kutawaumiza wenye maji ya mwaka mzima, ambao faida yao ni kuuza wakati wengine hawana. Wana haki, na mimi nisingeanza na kufunga msimu. Ningeanza na kung'oa ndani ya siku saba baada ya mchumo wa mwisho, masalia yafukiwe au yachomwe, kisha mahindi, vitunguu au kabichi vifuate badala ya nyanya, bilinganya au viazi mviringo. Ugumu ni kwamba bei ikiwa imeanguka, aliyekodi hana hata fedha ya kibarua, na mkataba wake unaisha siku anapoondoka. Basi lisemwe wakati wa kukodi, mbele ya mwenyekiti wa kitongoji: mwenye ardhi ashike sehemu ya fedha kama amana, airudishe akiona shamba ni jeupe. Asipoona hivyo, kwa fedha hiyohiyo aweke vibarua wang'oe wiki ileile.